Takataka za Dani

Nyasi zinazooza zina harufu yake: nzito, tamu kidogo, kama uji uliochacha. Wageni wangu huziba pua. Mimi huivuta. Nikiivuta tu, naiona Lambwe ya miaka ya sitini, jua limeshuka bondeni na kukataa kuondoka, na mama yangu ameinama kwenye bustani yake ya akeyo.

Akeyo ni ile mboga ambayo wengine huiita mgagani. Ni chungu, na usipoipika kwa maziwa utajuta. Mama alipoolewa alikuja na mbegu zake kutoka kisiwa cha Rusinga, kwenye kibuyu kidogo alichopewa na mama yake mzazi, kimezibwa kwa gunzi la mahindi. Mwaka ninaousimulia, mama yake alikwisha kuzikwa, na panya nao walikuwa wamekigundua kile kibuyu. Mbegu zilizosalia hazikujaa kiganja. Mama alizipanda zote.

"Hizi zikifa," aliniambia, "mama yangu atakuwa amekufa mara ya pili."

Miche ilipofikia urefu wa kidole, alitandaza nyasi kavu kati ya mistari, na maganda ya maharagwe, na chochote kilichokauka. Kwao kisiwani, penye mawe na upepo, ndivyo walivyolima. "Ardhi ina aibu kama mtu," alikuwa akisema. "Usiiache uchi." Nami nikichomeka kidole chini ya zile nyasi saa ya jua kali, nilikuta udongo baridi na nyungunyungu aliyekasirika kwa kusumbuliwa.

Sasa Dani. Ndivyo tulivyomwita nyanya, mama mzazi wa baba, mwanamke ambaye ua wake ulifagiliwa mpaka hata kuku waliona haya kuuchafua. Kwake yeye, na kwa majirani wote, mke alijulikana kwa ufagio. Nyasi karibu na nyumba zilikuwa maficho ya nyoka na ushahidi wa uvivu. Basi siku moja mama ameenda mtoni kufua, Dani akapita kwetu, akaiona bustani, akashika kiuno.

"Yawa! Mke wa mwanangu anaugua nini, hata takataka zimemshinda?"

Alidhani anamsaidia. Alifagia kati ya mistari kwa uangalifu, asing'oe hata mche mmoja, akakusanya nyasi zote na kuzichoma. Aliondoka akiimba wimbo wa kanisani.

Mama aliporudi alisimama na beseni la nguo kichwani, akaitazama bustani iliyong'aa kama sakafu. Kisha alikwenda kwa Dani, akainamisha kichwa, akasema, "Asante, mama." Kumwambia mama mkwe kwamba amekosea, hilo kwetu halikuwepo. Aliporudi aliketi jikoni akalia, akasingizia moshi. Moto ulikuwa haujawashwa.

Mvua nayo ikakata. Udongo ule mweusi ukapasuka, nyufa zikawa za kumeza kijiko. Miche ikanyauka, ikalala. Ilibaki michache tu pembeni, chini ya ua wa minyaa, ambako ufagio haukufika na nyasi zilisalia.

Dani alipopita tena alisimama pale pembeni kwa muda mrefu. Aliinua nyasi, akagusa udongo wa chini yake. Akaenda kugusa na ule uliopasuka. Kisha akaenda zake.

Kesho yake alfajiri alikuja na kapu kichwani: samadi kuukuu kutoka kwenye boma la zamani la mababu, pahali ambapo udongo hauchukuliwi ovyo. Akaimwaga kuizunguka ile miche. Siku iliyofuata akaleta nyasi, kisha makapi ya wimbi, kisha majani aliyoyafagia kwake.

"Natupa takataka tu," alisema, bila kumtazama mtu. "Kwangu hazina pahali."

Nilimchukia, siwafichi. Nilimwambia mama, "Dani ametufanya jaa lake!"

"Nyamaza, mwanangu. Mwache mama atupe."

Na alikuwa akitabasamu, jambo nililoliona la kijinga kabisa.

Ile miche ilikua mpaka ikanifika kifuani, ikachanua, ikakomaza mbegu. Mama alijaza kibuyu chake. Kilichozidi alikifunga kwenye kitambaa, akampelekea Dani.

Nilihitaji kuolewa, na kupata mama mkwe wangu mwenyewe, ndipo nikaelewa. Mama mkwe wa enzi zile hakuwa na njia ya kumwomba radhi mke wa mwanawe. Neno lenyewe lingemkwama kooni. Dani alilibeba kichwani, kapu kwa kapu.

Tulipokwenda kumzika, ua wake ulikuwa umefagiliwa kama kawaida. Nyuma ya jiko tu ndiko tulikokuta kipande kimefunikwa nyasi, na katikati ya nyasi akeyo ya Rusinga, imeanza kuchanua.