Mpishi aliyemweka benchi mfungaji wake

Saa tisa alasiri, Kaisho. Masufuria ya maharage yameshasuguliwa, na Placidia Mutalemwa, mpishi wa sekondari moja ya kata wilayani Kyerwa, anavua aproni na kuingia uwanjani na harufu yake ya moshi. Wasichana wa timu ya mpira wa pete, anayoifundisha yeye, wanamwamkia. Anaitikia huku macho yake yakiwa miguuni mwao.

"Joviana waitu, mwana wetu, usirushe kama unamtupia mbuzi maganda," anasema, nao wanacheka.

Joviana, mfungaji wa kidato cha tatu, ndiye aliyezua maneno muhula uliopita. Sheria ya Placidia ni fupi: ukifeli zaidi ya masomo mawili, mazoezi utafanya, mechi hutacheza. Joviana alifeli matano, tena wiki ya fainali dhidi ya timu ya Nyakatuntu.

Mkuu wa shule alimsihi mpishi alegeze. Baba wa binti, Nolasco Bigirimana, alimfuata mpaka jikoni.

"Mama, masomo yamemkataa, mpira umempenda. Ukimnyima na huo, atabaki shuleni kwa lipi?" alimuuliza.

Placidia anakiri swali lile lilimchoma. Hata hivyo hakulegeza, maana mchelea mwana kulia hulia yeye. Timu ikafungwa, na kijiji kikamtaka arudi kwenye kuni zake.

"Nilimchukia," anasema Joviana. "Hata uji wake niliususa. Siku ya pili njaa ikatupatanisha."

Akaanza kubaki darasani jioni. Fizikia na hesabu bado zinamtoa jasho, lakini mengine amefaulu, na leo anacheza.

Placidia naye alikuwa mfungaji, huko kwao Kituntu.

"Walimu walinipa alama za bure ili nisafiri na timu," anasema, na hapa sauti inamshuka. "Kidato cha nne nikapata sifuri. Waliokuwa wakinishangilia, hakuna hata mmoja aliyekuja kunipa pole."

Leo analea watoto watatu kwa mshahara wa shilingi laki moja na nusu. Mwaka huu amejiandikisha kurudia mtihani huo kama mtahiniwa wa kujitegemea, na wasichana wake wanajua.

"Waliniuliza, ukifeli je? Nikawaambia nitakaa benchi, timu ataiongoza mwingine mpaka nifaulu," anasema. "Lakini sitafeli. Kila jioni Joviana ananiuliza maswali ya historia, na hanionei huruma hata kidogo."