Kona ya Jiwe la Koko

Mama yangu anaishi Bigo, hapa Bunia, na katika jiko lake kuna kona moja isiyowekwa kitu. Ukiweka hata bidoni la maji pale, ataliondoa bila kukugombeza. Ni nafasi ya jiwe. Tulikimbia vita kule upande wa Bambu, na miaka yote hii amekuwa akisema kwamba jiwe la kusagia la mama yake litakuja kukaa pale, na siku hiyo ndipo atakapojisikia yuko kwake. Basi, rafiki yangu, niliposikia kwamba njia imetulia na watu wanaanza kurudi, nilimwahidi nitakwenda kulichukua. Alinitafutia gunia gumu la kulifungia, akalishona upya pindo kwa mkono wake.

Ungeliona jiwe lenyewe, ungeelewa. Bibi yangu, ambaye sote tulimwita koko, alilirithi kwa mama yake, naye mama yake alilirithi vilevile. Lilikuwa jeusi, pana kama kigoda, katikati limebonyea kwa kusagiwa miaka yote hiyo. Alfajiri niliamshwa na mkwaruzo wake, kisha nikaenda kupiga magoti upande wa chini nipokee unga kwenye ungo. Ulezi na mihogo mikavu, vumbi lake linaingia puani, napiga chafya, koko anacheka. Bugali yake ilikuwa nyekundu na nzito, tukaila na maharage au sombe ya majani ya mihogo, na kila siku kulikuwa na chembe za jiwe za kukwaruza meno. Tukilalamika, alituonyesha lile bonde la katikati.

“Munaona hii shimo? Yote iko mu matumbo yetu. Kuleni.”

Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, na asubuhi yote yalisaga pamoja. Lakini mtu akifariki, hakuna mwanamke aliyegusa jiwe mpaka azikwe. Hakuna aliyepita kutangaza. Uliamka, ukasikiliza, kimya, ukajua. Hata mwalimu wetu, mtu mkali asiyesamehe kuchelewa, asubuhi ya namna hiyo alitupanga mstari, akatuombesha, akaturudisha nyumbani. Tulishinda kwa viazi vitamu vya kuchemsha, na watoto wadogo kabisa walijua kuteremsha sauti.

Siku ya kukimbia jiwe lilikuwa zito mno kubebwa. Koko aliligeuza kifudifudi jikoni, akalipapasa mgongo kama mtu anayelaza mtoto, akasema litatungoja. Yeye mwenyewe alifia hapa Bunia, na kona ile mama aliianza siku tuliyotoka kumzika.

Sasa nilikuwa narudi kwenye pikipiki, gunia limekunjwa mapajani. Nilikisikia kijiji kabla ya kukiona. Nilidhani kuna lori limekwama kwenye matope, linanguruma. Tulipopanda kilima nikaona: mapipa makubwa ya chuma yanazunguka, yamejaa mawe, yanasaga. Ardhi inatetemeka hadi kwenye nyayo. Vumbi jeupe limefunika migomba yote, na watoto ambao saa ile walipaswa kuwa darasani wamekaa chini wanavunja mawe kwa nyundo, ili yaingie kwenye mdomo wa pipa. Dhahabu, ndugu yangu. Wanaitafuta ndani ya mawe.

Nilishtuka, lakini mshtuko wenyewe ulikuwa bado. Hatua chache kutoka kwenye mashine palikuwa na turubai, na chini yake wanawake wamekaa kwenye mikeka. Ilikuwa matanga. Jirani yetu wa zamani, yule aliyekuwa akisaga ng'ambo ya ua wa koko, alikuwa amefiwa na mumewe. Wanawake walikuwa wanalia na mimi siwasikii! Naona midomo tu. Chifu wa kijiji alikuwa amesimama mbele ya mwenye mashine, kofia mkononi, anaomba izimwe mpaka maiti izikwe. Chifu yule yule ambaye akipita tulishuka barabarani tukasimama majanini.

“Mashine inakunywa mafuta, shefu,” mwenye mashine alimpigia kelele. “Haiwezi ngoja mufu.”

Chifu akavaa kofia yake, akarudi kukaa kwenye mkeka. Mimi nilibaki nimeshika kichwa.

Kwa koko nilikuta shimo. Hata mawe ya msingi yalikuwa yameng'olewa. Nikaenda kwa jirani kumpa pole, nikainama, naye ilibidi anipigie kelele sikioni, mjane katika matanga ya mumewe.

“Walisha saga yote, mutoto wangu! Ya koko, ya kwangu, na mafiga! Walisema majiwe ya zamani iko na dhahabu!”

“Na walipata?”

Alitikisa kichwa. Machozi yake yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la mashavu.

Jiwe lililotusagia wote limesagwa, na halikuwa na kitu walichokitaka. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nalirudia hilo moyoni, na mpaka leo linanishinda.

Mama aliliona gunia limekunjwa vilevile, akajua. Nilimsimulia yote. Nilitegemea aulize habari za jiwe, lakini aliuliza jambo moja tu.

“Na matanga ikiwa pale pale, walikuwa wanasaga?”

Nikasema ndiyo. Mama akainuka, akabeba mbabula yake yenye makaa, akaiweka kwenye ile kona, akapika. Unga ulikuwa wa mashine ya pale mtaani, mweupe, laini kabisa. Tulikula. Niligundua kwamba natafuna polepole, nikingojea ile chembe ikwaruze jino. Nilipoinua macho, mama naye alikuwa anatafuna polepole, anatafuta.