Beseni la Nyundo la Mama Scolastika

Siku Marcel alipomwona Mama Scolastika kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amesimama katikati ya njia, beseni la plastiki miguuni, amewazuia wanaume kumi na wanne waliotoka Kalangalala kwa basi dogo la kukodi.

"Nyundo zote humu," alisema.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Wachimbaji wa shimo moja la dhahabu walikuwa wamekubaliana kwenda kuona magofu ya mji wa kale wa wafua chuma na kurudi jioni. Nasibu, msimamizi wao, akacheka. "Shikamoo, mayu, mama yetu. Leo sisi ni watalii. Mtalii na nyundo wapi na wapi?"

"Marahaba. Humu."

Zikadondoka nyundo tisa. Mama akazitazama, akasonya. "Watalii!"

Marcel alikuwa na yake, ndogo, mfukoni mwa koti. Aliona aibu kuwa wa kumi, akapita ameinamisha kichwa.

Mji wenyewe ulikuwa umebaki kuta za kufika kiunoni, marundo ya mavi ya chuma yaliyotupwa na matanuri, na mlango mmoja tu uliosimama mzima: mawe yaliyopangwa bila udongo, jiwe moja refu limelala juu. Ukoo wa marehemu mume wa Mama Scolastika ndio uliokuwa ukiyeyusha chuma pale. Yeye alilima mihogo kuzunguka magofu, akayafagia, akagombana na mbuzi, wachungaji na wachoma mkaa. Mara nne alikwenda wilayani kuomba mahali pale paandikishwe kama urithi. Akaambiwa wataalamu watakuja, mradi wakute kitu kilichosimama.

"Kitu chenyewe ni huo mlango," aliwaambia. "Ukianguka, hapa ni mawe tu kama mawe mengine. Mnasikia, au nasema na mbuzi?"

Walisikia. Lakini mchimbaji na jiwe! Mama alipogeuka kumfokea mmoja aliyepanda ukutani, Nasibu alikuwa ameshalamba jiwe la ubavuni mwa mlango ili alione vizuri. Lilikuwa na mkanda mweupe, dalili ya dhahabu.

"Hili likienda karasha, likasagwa..." akanong'ona. "Marcel, lete."

Marcel alijua anapaswa kusema hapana. Lakini, kama kawaida yake, hakukataa; mkono ukatoa nyundo. Nasibu akagonga mara mbili. Jiwe refu likashuka na ubavu mzima wa mlango.

Mama hakupiga kelele. Aliokota nyundo vumbini. "Ya nani?"

"Labda waliisahau wafua chuma, mayu," Nasibu akasema, na wawili wakacheka.

"Yangu," Marcel akasema.

Mama akamwangalia juu mpaka chini. "Jumapili uje. Huyo mcheshi mwache hukohuko."

Marcel alikwenda kila Jumapili, miezi mitano, kuujenga upya mlango. Mama alikaa kwenye kigoda akimenya mihogo na kumsema: hilo si la hapo, hilo ni la chini, macho umeyaacha shimoni? Marcel akipanga, mama anapangua. Siku moja aliangusha kwa fimbo safu tatu alizozihangaikia tangu asubuhi. Marcel akaokota koti lake, akaondoka bila kuaga, akiapa njia nzima kwamba hakanyagi tena pale. Jumapili iliyofuata akarudi.

"Umechelewa," mama akasema, akamsogezea kikombe cha uji.

Mwezi wa tisa mama akalazwa Geita kwa ugonjwa wa moyo. Marcel akamaliza peke yake, isipokuwa jiwe refu. Hilo aliwaita Nasibu na wenzake wakalinyanyua. Akapiga picha kwa simu, akaipeleka wodini. Hakutaka shukrani nyingi. Neno moja zuri lingemtosha.

Ilikuwa siku mbili kabla mama hajafariki. Aliishika simu karibu na macho, akaitazama mpaka kioo kikazimika, akamrudishia.

"Jiwe la juu mmelipindua. Upande wenye weusi wa moshi ulikuwa unatazama ndani. Lishusheni."