Nimeona part two ya Wafula Hewani: je, alimshika mama mkwe ama hakumshika?

Wakuu, habari za wikendi. Naandika kutoka Kitale, chai iko mezani na mvua haijaacha kunyesha tangu asubuhi, kwa hivyo leo nina muda wa kuwaeleza kitu.

Nitasema ukweli mtupu. Penye nilidanganya ndani ya hii story nitawaonyesha mwenyewe, kwa sababu nilidanganya kweli, na niliyemdanganya ni baba yangu.

Wengi wenu mmeona kelele mtandaoni kuhusu ile comedy ya superhero ambayo part two yake tumeingoja miaka kumi na tano. Jina lake la Kizungu nitaliacha. Sisi wa Bungoma tunaijua kama Wafula Hewani.

Wasiokulia huku, ngoja niwape background kidogo. Movie za Kizungu sisi tuliziona kupitia DJ. Yaani mtu anachukua movie, anapunguza sauti yake, anaongea juu yake kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho, na mastaa wote anawabatiza majina ya kwetu. Wa kwetu alikuwa anajiita DJ Mukombero. Huyo jamaa angeweza kukufanya ucheke kwenye movie ya mazishi.

Wafula ni fundi wa stima. Radi inampiga akiwa juu ya nguzo, na kuanzia siku hiyo anaruka hewani na kuokoa watu. Mpaka hapo ni superhero wa kawaida tu.

Lakini ndani ya movie kuna mama mzee wa nywele nyeupe. Wafula akimwona anarudi nyuma. Akitaka kumpa kikombe, anakiweka chini na kukisukuma na ufagio. DJ Mukombero alikuwa na jibu moja tu: huyo ni mama mkwe wake.

Basi. Hatukuhitaji kuambiwa zaidi. Kwa Wabukusu, mwanaume hampi mama mkwe mkono, hakai karibu naye, na wakikutana njiani mmoja anaingia kando apishe. Kwa hivyo ukimwona mtu anaweza kuinua lori lakini anaogopa kumpa mama mkwe kikombe, unamwelewa kabisa. Ukumbi mzima ulikuwa unapangusa machozi.

Mwisho wake sasa. Jengo linawaka moto, mama mkwe yuko juu ya paa, paa linavunjika, mama anaanguka. Wafula anashuka kwa kasi, ananyoosha mkono, vidole vimebakisha nafasi ndogo sana...

Giza. Majina yanaanza kupanda. Miaka kumi na tano, wakuu.

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali. Kazi yangu ni kuuza spea za mashine za kusaga mahindi, na mteja akisema mashine yake inalia, siwezi kumuuzia bearing kabla sijajua inalia vipi. Kwa hivyo kuna jambo lilinikaa kichwani miaka hiyo yote.

Watu wawili walikuwa wananiuliza swali moja.

Wa kwanza ni Baba. Nyumbani kwetu ni Bumula, na Baba alinunua CD ya Wafula nikiwa form two. Tuliicheza mpaka ikaanza kuruka. Baba ni mtu wa maneno machache na kicheko kidogo, lakini kwa Wafula alikuwa anacheka. Ila ile sehemu ya mwisho hakuwahi kuiona akiwa ameketi. Alikuwa anasimama, anasema anaenda kuangalia ng'ombe, halafu haendi. Anabaki amesimama pale mlangoni, mikono ameiweka nyuma. Ikiisha ananiuliza, "Sasa alimshika?"

Wa pili ni kukhu, mama ya mama yangu, anayeishi Kamukuywa. Goti lake moja halikunji vizuri. Nikiwa darasa la nane aliteleza kwenye njia ya mtoni wakati wa mvua, akavunjika, na mfupa haukuunga sawa. Tangu hapo ni fimbo. Wakati wa likizo nilikuwa namsimulia Wafula yote, na sauti za DJ naziigiza. Alicheka mpaka akakohoa. Nikimaliza alikuwa ananiuliza, "Na alimshika?"

Nilidhani ni movie tamu tu.

Sasa mwezi uliopita part two ikatoka. Nikampigia Baba simu nikiwa dukani. Nilitarajia aseme tu, ooh, vizuri. Yeye akasema, "Kuja nayo Jumamosi." Huyo mzee hajawahi kuniomba kitu chochote. Hata nikimuuliza nimletee nini kutoka Kitale, huwa anasema nilete mwili wangu.

Nikaona niiangalie kwanza peke yangu. Na kabla ya hapo nikairudia part one, mara ya kwanza maishani mwangu bila DJ, sauti yake yenyewe ya Kiingereza.

Wakuu, nilishika kichwa.

Yule mama si mama mkwe. Wafula hana hata mke! Mama ni mwalimu wake wa zamani wa sayansi. Na anamkwepa kwa sababu tangu apigwe na radi, mikono yake inapiga watu shoti. Kwa hiyo movie nzima ni jamaa anayeweza kuokoa mji lakini hawezi kumsalimia mtu kwa mkono. DJ Mukombero alilitupa hilo nje lote akaweka mila zetu.

Kwanza nilihisi nimeibiwa. Baadaye nikaona huyo DJ alikuwa na akili kuliko walioandika movie. Mpaka leo sijaamua nisimame upande gani.

Haya, part two yenyewe. Najua hilo ndilo lililowaleta hapa.

Haijafika kiwango, wakuu. Wafula amenenepa na movie inapoteza dakika ishirini kulicheka tumbo lake. Adui ni tajiri wa mambo ya simu na mpaka mwisho sikujua anataka nini. Wameleta superheroes wengine watatu, wageni, wanasimama tu nyuma kama watu waliokuja harusi bila kualikwa. Na kila joke inaelezwa mara mbili, ukikosa kucheka mara ya kwanza unalazimishwa. Tumengoja miaka hiyo yote kwa ajili ya hiki?

Lakini dakika ya arobaini hivi, Wafula anakumbuka ile siku ya moto. Sekunde chache tu. Anamdaka yule mama. Shoti inampiga, nywele nyeupe zinasimama wima, wanatua chini salama. Mama anamwangalia na kumuuliza kwa Kiingereza swali moja fupi. Halafu wanacheka na movie inaendelea na upuuzi wake.

Ndio hiyo. Miaka kumi na tano tunabishana, na wao wamelijibu kama mtu anayepitia dukani kununua kiberiti.

Sasa nikabaki na shida. Baba hajui Kiingereza cha kufuata movie. Nikimwambia ukweli kwamba hakuna mama mkwe, nimemwambia kitu alichongoja kwa miaka hakikuwepo. Nikikaa kimya, ataangalia midomo ikicheza tu.

Jumamosi nikateremka Bumula na laptop. Mama alikuwa kwenye kikao cha kina mama kanisani. Nikamkuta Baba ameshapanga viti viwili na stuli ya kuwekea laptop, na amevaa shati la kola. Saa nane mchana, nyumbani kwake, shati la kola.

Nikapunguza sauti. Nikawa DJ.

Hapa ndipo nilipodanganya. Yule tajiri wa simu nikamfanya broker wa mahindi anayekuja na gunia zake kubwa kuliko za watu ili awapunje wakulima. Wale superheroes watatu nikasema ni mashemeji wamekuja kuona kama kuna kazi. Baba akacheka kidogo, lakini kila mara aliuliza mama mkwe yuko wapi. Nikamwambia atulie, anakuja.

Ilipofika dakika ya arobaini, akasimama. Hakutaja ng'ombe. Akaenda mlangoni, mikono nyuma, kama zamani.

Wafula akashuka, akanyoosha mkono, akamdaka mama. Wakatua. Mama akamwangalia na kuuliza lile swali lake. Nilikuwa nimetunga karibu kila kitu tangu mwanzo, lakini hapo sikuongeza wala kupunguza. Nikalitafsiri vile lilivyo.

"Muda wote huo ulikuwa unangoja nini?"

Baba akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Akasema tena nirudishe. Mara ya tatu akaja akaketi, akafunga laptop mwenyewe, polepole, kama mtu anayefunga Biblia. Nikamuuliza kama movie imemchosha. Akasema hapana.

Halafu akaniambia.

Ile siku kukhu alipoteleza, sisi sote tulijua Baba ndiye aliyemkuta na kukimbia kuita watu. Alisifiwa hata. Mkwe mwenye heshima, hakumgusa mama mkwe, aliwafuata wajomba mpaka sokoni. Hiyo ndiyo story niliyokua nayo.

Kumbe hakukimbia mara moja. Alimkuta kwenye mtaro, mvua inanyesha, maji yanapita juu ya mguu wake. Njia haikuwa na mtu mwingine. Alisimama pale, hajui amesimama muda gani. Na wajomba walikuwa mbali, kwa hiyo kukhu alilala kwenye maji karibu saa nzima.

"Alininyooshea mkono," Baba akasema. "Si ati aliita. Alinyoosha tu mkono, hivi. Na mimi nikaweka mikono yangu nyuma."

Mimi, mtu wa maswali, nikaanza kukunja waya wa laptop.

Akasema hajui kama goti lingepona sawa. Daktari hakusema hivyo, hakuna mtu aliyesema hivyo. Lakini tangu hapo akienda Kamukuywa anaketi mbali kwa nyumba ya mjomba, na watu wanasema, tazameni heshima. Anasikia aibu na hana wa kumwambia. Mama yangu hajui. Na ile CD aliinunua sokoni bila kujua ni ya nini, tukaiweka, na kitu cha kwanza anachokiona ni mwanaume anayekimbia mama mkwe. Alikuwa anataka tu kujua yule mwingine alifanya nini.

Wakuu, nilimhurumia sana mzee wangu. Nikafikiria nimwambie kwamba yule mama ni mwalimu. Sikumwambia. Mpaka naandika hapa sijamwambia, na hataona huu uzi kwa sababu simu yake ni ya kupiga na kupokea.

Akaniuliza kama kesho baada ya kanisa naweza kumpeleka Kamukuywa.

Tulifika saa saba hivi. Mjomba akamletea Baba kiti kule kule mbali, lakini hakuketi. Kukhu akatoka nje na fimbo yake, akasimama kwenye kizingiti. Pale pana ngazi moja ya mawe, na huwa anangoja mjukuu aje amshushe. Nikataka niende, halafu nikajizuia, sijui kwa nini.

Nikamwambia kwa sauti kwamba Wafula part two imetoka.

"Alimshika?" akauliza hata kabla ya kunisalimia.

Nikamwambia alimshika.

Kukhu akaitikia kwa kichwa taratibu. Halafu hakuniangalia mimi tena. Aliangalia kule kwa Baba, akahamisha fimbo mkono wa kushoto, na ule wa kulia akaunyoosha mbele, wazi.

Baba alikuwa na mikono nyuma. Mjomba alikuwa ameshika jagi la maji na hakujua aliweke wapi. Nikaona Baba anatoa mkono mmoja, wa pili, anauvuka uwanja ule, anaushika mkono wa kukhu kwa mikono yake yote miwili, anamshusha ngazi. Ngazi moja tu. Alipofika chini, hakumwachilia.

"Siku ile mvua ilikuwa nyingi, mwanangu," kukhu akamwambia.

Basi. Huyo mama alijua Baba alisimama, akakaa nalo miaka yote hiyo bila kumwambia hata binti yake.

Baba alilia mbele ya watu. Mjomba akaweka jagi chini, akasema kwa vile wameshikana, kuna mambo ya mila yatabidi yafuatwe. Baba akasema yatafuatwa yote. Kukhu akasema yafuatwe baadaye, kwanza watu wale.

Nilichojifunza ni kidogo. Mtu akiuliza swali lile lile miaka kumi na tano, usimjibu tu, muulize kwa nini anauliza. Mimi na udadisi wangu wote wa mashine, sikuwahi kumuuliza baba yangu hilo.

Movie naipa nne kwa kumi. Tatu ni za zile sekunde chache, moja ni ya nywele zilizosimama.

Sasa semeni nanyi. Nani ameiona, na mimi nimeionea ama ni mbaya kweli? Na wale mliokulia kwa ma-DJ wengine, wa Kitale, wa Suam, wa popote, mnisaidie kitu kimoja: kwa DJ wenu, yule mama alikuwa nani kwa Wafula?