Mama mkwe kafagia matandazo yangu asubuhi ya ukaguzi

Wakuu, heshima kwenu.

Hii sijaitia chumvi hata punje. Mke wangu yumo humu jukwaani, nikidanganya atanianika kwenye comments.

Nakaa Sekei. Kiangazi kilichopita kikao cha mtaa kilipitisha sheria: hakuna kumwagilia ukoka kwa mpira, na hakuna kuacha udongo wazi kwenye kiwanja. Funika kwa mimea isiyokunywa maji mengi, au tandaza majani makavu. Mwenyekiti anapita kukagua, na anayekaidi anatolewa kwenye zamu ya kisima cha mtaa.

Na bomba letu mnalijua, likijisikia ndiyo linatoa. Bila kile kisima tumekwisha.

Basi nikang'oa ukoka wangu (roho iliniuma jamani), nikapanda mishubiri pembeni, katikati nikatandaza mabua na maganda ya maharage niliyoyafuata Ngaramtoni. Nikajiona bingwa.

Jioni kabla ya ukaguzi akaingia mama mkwe kutoka Machame. Mara yake ya kwanza kulala kwetu.

Sasa kwa wasiojua: mama wa Kichaga wa umri ule hanywi chai kama uwanja haujafagiwa. Hanywi! Uwanja ukiwa na majani, basi nyumba hiyo ina wavivu.

Asubuhi natoka na mswaki mdomoni, nakuta uwanja mweupe, michirizi ya fagio la chelewa imenyooka kabisa. Matandazo yote lundo moja kwenye kona, na mama anauliza kiberiti kiko wapi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mnaishije na takataka namna hii?"

Kabla sijajibu, hodi. Mwenyekiti wa mtaa, mama mmoja wa Kimeru asiye na mchezo, na wajumbe wake wawili.

Akaangalia chini, akaniangalia mimi. "Baba Neema, tulikubaliana nini?"

Wakuu, mkwe unamtajaje mbele za watu?

Nikasema, "Nimefagia mimi, mwenyekiti."

"Basi zamu yako ya kisima tunampa mwingine."

Mke wangu dirishani kashika kichwa.

Mama mkwe akaja na fagio letu mkononi. "Aliyefagia ni mimi. Huyu mtoto mnamnyang'anya zamu ya nini?"

Akaelezwa. Akacheka mpaka akakalia ndoo. "Kumbe ni matandazo! Mimi natandaza kwenye migomba yangu miaka yote. Sasa hapa mgomba hakuna, ningejuaje?"

Akajifunga kanga, akaanza kurudisha lundo. Tukamsaidia, wajumbe nao wakainama. Na maneno juu: "Baba, ulikuwa umeweka kidogo mno, jua linapenya tu." Mwenyekiti akacheka, akasema zamu ibaki.

Mchana nikamsikia jikoni anamwambia binti yake, "Mume wako amenisitiri. Mshike vizuri." Aisee, nilizunguka nyuma ya nyumba nikafuta macho kwanza.

Somo: mgeni akija, mweleze sheria za mtaa kabla hajalala. Na kiberiti ficha.

Mtaa wenu nao una sheria kama hizi? Na wakwe zenu je? Mwageni visa hapa, nasoma vyote.

Halafu nilisahau. Alipoondoka tukalitafuta lile fagio la chelewa, halipo. Kumpigia simu, anasema, "Ninalo mimi huku Machame. Kwenu halina kazi tena."