Chini ya Loki ya Nane

Kwa miaka kumi na tisa Thelma Podmore hakushika usukani wa boti yao ila pale mumewe alipobanwa na haja. Si kwamba hakujua. Ndivyo walivyogawana kazi, kama wanandoa wengi wanaoishi kwenye boti za mifereji ya Uingereza: mume anasimama nyuma kwenye usukani, mke anashuka kufungua na kufunga milango ya maji, anasukuma maboriti mazito ya milango hiyo kwa makalio, anapanda ngazi zenye utelezi, halafu wapita njia wanamsifu mume kwa uendeshaji wake. Thelma alilalamika kila mwaka. Mumewe, Hedley, alicheka kila mwaka, na kazi ikabaki vilevile.

Hedley alipostaafu kazi kwenye kiwanda cha vyombo vya udongo wakauza nyumba yao ya mjini Stoke, na binti yao Gaynor akasema wamerukwa na akili. Mtu gani anauza nyumba ya vyumba vitatu aende kuishi kwenye boti yenye upana wa kitanda? Wakaenda hivyo hivyo, mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, wakihama kila baada ya wiki mbili kama sheria inavyotaka, na walikuwa na raha. Nasema raha kwa sababu sina neno jingine.

Kisha Hedley akaanza kusahau. Kwanza majina ya vijiji, baadaye mahali alipoweka makaa, mwishowe hata kama amekula au hajala. Gaynor akamtafutia nafasi kwenye nyumba ya kulelea wazee karibu na kwake.

"Mama, utamng'ang'ania mpaka lini?"

"Baba yako akishika usukani yuko sawasawa. Mikono yake haijasahau kitu."

"Na siku ikisahau?"

"Siku hiyo nitakupigia simu mwenyewe, uje umchukue."

Hayo aliyasema mwezi wa tano, na tangu hapo akawa anamwomba Mungu siku hiyo isifike. Ilifika mwezi wa kumi, pale kijijini Audlem, ambapo mfereji unateremka kilima kwa loki kumi na tano zinazofuatana.

Kwenye loki ya tatu boti iliingia vizuri. Loki ni shimo refu la mawe lenye milango huku na huku. Maji yakitolewa, boti hushuka pamoja nayo. Nyuma, chini ya mlango wa juu, kuna kizingiti kisichoonekana mpaka maji yapungue, na kila mtu wa mfereji anakiogopa. Tako la boti likikalia kizingiti, mbele inaendelea kushuka, na kwa dakika chache tu boti inajaa maji na kuzama. Kazi ya mwenye usukani hapo ni moja: boti isirudi nyuma ya mstari mweupe uliopakwa ukutani.

Thelma alifungua vilango vidogo vya kutolea maji kwenye mlango wa chini, maji yakaanza kutoka kwa kishindo. Akainama kufunga kamba ya kiatu. Akasikia sahani zikianguka ndani ya boti.

"Hedley! Mbele! Isogeze mbele!"

Hedley alimtazama akitabasamu. Boti ilikwisha kurudi, imekalia kizingiti, na mbele imeinama kama ng'ombe anayekunywa maji. Thelma akavifunga vilango vya chini mbio mbio, akakimbilia upande wa pili, mwanamke wa miaka sabini na mbili mwenye goti bovu, akafungua vya juu ili maji yaingie. Maji yakapanda taratibu mno. Boti ikakwaruza, ikajinasua, ikaelea.

"Unataka kujiua? Nimekuita mara ngapi?"

"Mbona unafoka, bi mkubwa? Tumefika?"

Thelma akakaa juu ya boriti la mlango akalia, hakujali nani anamwona. Alipomaliza, akapanda botini na kushika usukani.

"Leo nipe mimi, nahodha. Wewe kafungue milango."

"Wewe? Utagonga kila jiwe mpaka mjini Chester!"

"Na wewe utalia goti kama mimi kabla ya saa sita. Haya, shuka."

Akashuka. Thelma alimwelekeza hatua kwa hatua, naye akazungusha, akasukuma, akafunga, wala hakulia goti. Loki ya nne, ya tano, ya sita. Thelma akaanza kujidanganya. Labda miezi sita mingine, alijiambia, labda hata mwaka. Simu ilikuwa mfukoni na hakuitoa.

Walipomaliza loki ya nane, alitangulia na boti akaisimamisha ukingoni, akimsubiri mumewe afunge mlango. Hedley aliufunga vizuri, akateremka kwa njia ya kando ya maji. Alipofika akasimama, akaitazama boti toka mbele mpaka nyuma.

"Boti nzuri hii," alisema. "Unaelekea mbali?"

Ndivyo watu wa mifereji wasiofahamiana wanavyosalimiana. Thelma alidhani anataniwa. Akamwangalia machoni, akaona hakuna utani.

"Si mbali," alijibu.

"Uko peke yako? Milango hii inamtoa mtu roho. Mimi nina mke wangu. Mwanamke hodari yule, sijaona wa kumfikia. Simwambii tu, atavimba kichwa." Akageuka kutazama kilimani. "Sijui amekwama wapi. Namngoja."

Thelma alijua kwamba safari yao imeishia hapo, na kwamba jioni haitaingia kabla hajampigia Gaynor. Akashika ukingo wa paa la boti.

"Panda basi," alisema. "Chai ipo. Tumngoje pamoja."

Hedley alisita. Mtu wa mfereji hakanyagi boti ya mwenzake hivi hivi, na hilo hakuwa amelisahau. Akavua kofia.

"Mwenye boti hatakasirika?"

"Hatakasirika," Thelma alisema, akampa mkono.