Kizibo cha Ishirini na Nne

Mimi mtu anayefundisha huku anacheka simwamini. Nasema mapema, nisije nikaonekana mnafiki. Mimi ni mpishi wa shule ya chekechea, na kazi yangu ya asubuhi ni kuchemsha maziwa na kuyamimina vikombeni. Alipoletwa huyu mwalimu wa hesabu, binti mwembamba asiyevaa viatu darasani, nikajiambia moyoni: hapa pana jambo.

Alikuja na mfuko wa vizibo vya soda. Ameviosha kwa sabuni, amevigonga kingo kwa nyundo visikate vidole vya watoto. Siku hiyo hiyo wakampachika jina, Mwalimu Vizibo. Kitabu hashiki. Anachora miraba sakafuni kwa chaki, watoto wanaruka, moja, mbili, tatu, naye anaruka nao, sketi kaikunja mkononi. Hiyo nayo hesabu? Sisi tulikaririshwa tumekunja mikono, na tulijua.

Tena akaja na utaratibu wake. Kila aliyemo darasani awe na kizibo chake mkebeni. Mtoto wa zamu anavihesabu kwa sauti, mkebe unaletwa jikoni, nami namimina: kizibo kimoja, kikombe kimoja. Sinia la vikombe analifuata mwenyewe mwalimu. Wiki ya kwanza vilikuja vizibo ishirini na vitatu, na watoto ni ishirini na watatu. Sawa. Lakini roho yangu haikutulia. Wiki ya pili nikaanza kwenda kusimama dirishani kwao kila asubuhi, ufagio mkononi kama mtu mwenye shughuli, nimwone vizuri.

Wiki hiyo hiyo vikaanza kuja ishirini na vinne.

Nikahesabu vichwa: ishirini na watatu. Kesho yake vilevile, na keshokutwa. Nikamvaa jikoni. "Mwalimu, hiki cha ziada cha nani?"

Akatabasamu. "Mama, wanaohesabu ni watoto. Mimi siwaingilii."

Jibu gani hilo? Nikajua anakunywa yeye. Vikombe vyote vinarudi vitupu, naye mashavu yanazidi kunawiri. Maziwa yakiisha kabla ya Ijumaa, atakayeulizwa ni nani kama si mimi?

Nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwaga yote. Mkuu hana mzaha. "Kama anaongeza idadi ya watoto," akasema, "leo hii anafungasha virago." Sikusikitika hata kidogo. Kusema kweli, nilisikia raha.

Tukaongozana. Mkuu akaingia darasani, mimi nikabaki dirishani pangu. Mwalimu Vizibo alikuwa amepiga magoti sakafuni. Alipoelezwa alichoshtakiwa alisimama, akaniangalia mara moja tu. Hakujitetea. Nikasema, huyo, kapatikana.

Mkuu akamwita mtoto wa zamu, msichana mdogo mwenye pengo la meno ya mbele. "Chukua mkebe. Mpe kila mtu kizibo chake."

Akaenda polepole, kizibo kimoja mbele ya kila mtoto, akihesabu. Alipomaliza kikabaki kimoja mkononi.

"Na hicho?" mkuu akauliza.

Mtoto akaja moja kwa moja hadi dirishani, akajinyanyua kwa vidole vya miguu, akakiweka mbele yangu. "Ishirini na nne. Cha huyu bibi."

"Kwani huyu ni wa darasa hili?"

"Kila siku anakuja kuhesabu na sisi," akasema. "Ila maziwa yake hanywi. Tunamwekea hapa dirishani, hayachukui, tunagawana."

Ufagio ukanianguka. Mkuu aliniangalia kutoka kichwani hadi miguuni, akamwambia mwalimu aendelee na kazi, akatoka. Watoto wakarudi kwenye miraba yao kana kwamba hakuna lililotokea.

"Si ulikuwa unajua?" nikamwuliza mwalimu kwa sauti ya chini. "Mbona hukusema? Ungefukuzwa."

"Ningesemaje, mama? Niwaambie wamekosea?" Akapiga magoti tena sakafuni. "Walihesabu sawasawa."

Nikaokota ufagio, nikarudi jikoni bila kumwomba radhi. Nilikaa kwenye kigoda mpaka maziwa yakafurika na kuzima moto.